Wapelekwe Semina? Maadili ya Watoto wa Mitaa ya Mabanda, Ujuzi wa Wauguzi na Kinachofanya Mafunzo Yashike

Kuna malalamiko mawili ambayo mkazi wa Kisumu hana haja ya kuyatafuta, yatamfikia mwenyewe kwenye matatu ya Kondele au kwenye foleni ya kliniki. La kwanza ni kwamba watoto wa mitaa ya mabanda ya Nyalenda, Obunga na Manyatta wamekosa adabu: hawasalimii wakubwa, wanatoroka shule, wanajua mambo ya watu wazima kabla ya kuota meno ya pili. La pili ni kwamba manesi hawana utu: wanafoka, wanampita mgonjwa kana kwamba hawamwoni, na mama akilia kwa uchungu wa uzazi anaambiwa maneno ambayo hawezi kuyarudia mbele ya mumewe. Wanaolalamika ni walewale, na dawa wanayoitaja ni moja. Wafundishwe. Watoto wapewe mafunzo ya maadili, wauguzi wapelekwe semina.

Dawa hiyo ndiyo ninayotaka kuichambua hapa. Ushahidi wa lini mafunzo husaidia na lini hupotea bure upo, na kiasi kikubwa kimekusanywa hapahapa magharibi mwa Kenya. Shida ni kwamba ushahidi wa watoto husomwa na walimu, ule wa wauguzi husomwa na watu wa afya, na ni nadra kukuta mtu ameuweka pamoja. Ukiuweka pamoja utaona unaelekeza kidole mahali pamoja. Mtu akishafundishwa hurudi nyumbani, darasani au wadini, na huko anakorudi ndiko kunakoamua kama alichofundishwa kitadumu hadi mwezi ujao.

Subira ya mtoto aliyedanganywa

Mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017 na kuingia shuleni kwa awamu kuanzia 2019, umetaja maadili manane ya kukuzwa kwa kila mtoto: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Katika shule nyingi utayakuta yamechorwa ukutani kwa rangi, jirani na ramani ya Kenya. Sijakutana na mzazi anayeyapinga. Ugumu ni jinsi neno la ukutani linavyomwingia mtoto, hasa yule ambaye hana hakika kama jioni jiko litawashwa.

Kwa miaka mingi jibu lililosifiwa sana lilitoka Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanasaikolojia Walter Mischel, katika chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, alimkalisha mtoto mbele ya kitu kitamu, mara nyingi ile peremende laini iitwayo marshmallow, akamwambia: ukila sasa utapata hiki tu, ukinisubiri nirudi utapata viwili. Watoto hao walipofuatiliwa miaka baadaye, waliosubiri zaidi walionekana kufanya vizuri zaidi masomoni. Hapo ikazaliwa imani iliyofika hadi kwenye mimbari zetu za Jumapili, kwamba mtoto maskini akifundishwa kujizuia, umaskini utamwachia.

Imani hiyo ina nyufa. Wengi wa watoto wa Mischel walikuwa wana wa wahadhiri na wanafunzi wa chuo hicho. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walilirudia swali hilo kwa takwimu za watoto zaidi ya 900 wenye asili mbalimbali, na uhusiano kati ya kusubiri na mafanikio ya baadaye ukapungua kwa karibu nusu. Walipotia hesabuni hali ya nyumbani na elimu ya mama, kilichosalia kilikuwa kidogo sana.

Lakini jaribio ninalolipenda zaidi ni dogo kuliko hayo, la mwaka 2013. Mtafiti Celeste Kidd aliwahi kujitolea kufanya kazi katika makazi ya familia zisizo na nyumba huko California, akajiuliza watoto wale wangefanyaje mbele ya peremende ya Mischel. Alihisi wangeila papo hapo, na kwa sababu nzuri: penye watu wengi wanaogombea kidogo, usichokila sasa kitaliwa na mwingine. Basi akachukua watoto 28 wadogo. Kabla ya kuwaonyesha peremende, aliwaahidi vifaa vizuri zaidi vya kuchorea wakisubiri kidogo, kisha akawaahidi stika nzuri zaidi. Nusu ya watoto waliletewa walichoahidiwa mara zote mbili. Kwa nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu, akaomba radhi, akasema kumbe hakuna. Hapo ndipo peremende ikawekwa mezani. Walioletewa vitu vyao walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliodanganywa walisubiri dakika 3.

Watoto wale hawakutofautiana kitu walipoingia mlangoni. Dakika chache za kudanganywa na mtu mzima ndizo zilizowatofautisha.

Sasa hesabu ahadi anazopewa mtoto wa Obunga kwa mwaka mmoja. Ataambiwa karo imepatikana, kisha atarudishwa nyumbani katikati ya muhula. Shirika litaleta chakula cha mchana, na chakula kitakoma siku mradi utakapokoma. Kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo atamfundisha nyimbo kwa mwezi mmoja, atapiga naye picha na kumwambia watawasiliana. Baba ataondoka kwenda kutafuta kibarua Nairobi na kusema atarudi Krismasi. Mtoto wa namna hiyo akimaliza leo alichokipata leo, fomu ya tathmini itaandikwa kwamba hana subira. Mimi naona amepiga hesabu vizuri kuliko aliyejaza fomu.

Wala subira si bidhaa ya kuletewa kutoka nje. Bettina Lamm na wenzake walilipeleka jaribio la peremende kwa watoto wa miaka minne wa jamii ya Wanso, wakulima wa kaskazini-magharibi mwa Kamerun, wakawalinganisha na watoto wa miji ya Ujerumani. Takriban asilimia 70 ya watoto wa Kinso walisubiri hadi mwisho. Kwa Wajerumani haikufika asilimia 30. Wapo watoto wa Kinso waliosinzia mezani wakingoja. Hakuna aliyewapa kipindi cha subira kwenye ratiba. Walilelewa na watu wazima wanaotarajia mtoto atulie, atazame na afuate, na ambao chakula wakisema kinakuja, kinakuja.

Karibu zaidi na nyumbani kuna utafiti wa zamani ambao ningependa kila chuo cha ualimu nchini kiufundishe. Mwanaanthropolojia Carol Ember alifanya kazi miongoni mwa Waluo wa karibu na Oyugis, eneo ambalo leo liko kaunti ya Homa Bay, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1973. Aliona kwamba katika boma lisilo na msichana wa umri wa kusaidia, mama alimpa mvulana kazi zilizohesabiwa kuwa za wasichana: kubeba mtoto mchanga, kupika, kuosha vyombo, kuteka maji. Wavulana hawa hawakuchaguliwa kwa upole wao. Ilikuwa ni bahati ya nani alizaliwa kwanza. Ember akawatazama wakati hawafanyi kazi hizo, walipokuwa wakicheza na wenzao tu, na akakuta wale waliozoea kazi za nyumbani, hasa za ndani ya nyumba, walikuwa na ugomvi mdogo na ubabe mdogo kuliko wavulana wengine.

Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Mtoto mchanga hatishiki wala hashawishiki kwa maneno. Anayembeba asipojua anataka nini, kilio hakiishi. Mvulana huyo anajifunza kusoma shida ya mtu mwingine saa nzima kila siku, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba hilo ni somo. Sizungumzii ajira ya watoto, na najua msichana wa Nyalenda anayeachiwa wadogo zake wanne kutwa nzima hana nafasi ya kuwa mtoto wala mwanafunzi. Nazungumzia kazi yenye kiasi, inayomtegemea mtu fulani, ambayo ikiachwa kuna mtu anaumia na ikifanywa kuna mtu anashukuru.

Kuna pia mambo tunayoyaita tabia ilhali yako tumboni. Kuanzia mwaka 1998, watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 za Busia zilizokuwa zikiingizwa kwa zamu katika mpango wa dawa za minyoo. Katika shule zilizopata dawa, utoro ulipungua kwa robo. Wachumi wamebishana sana baadaye juu ya faida za mbali za mpango huo, na ubishi haujaisha. Hata hivyo, fikiria ni viboko vingapi vilichapwa Budalangi na Funyula kabla ya hapo kwa sababu mwalimu aliamini mtoto ni mvivu. Viboko vimepigwa marufuku shuleni tangu 2001, ingawa katazo lenyewe halijafika madarasa yote.

Je, basi vipindi vya maadili havina faida? Wamarekani walilijaribu swali hilo kwa kiwango kikubwa. Ripoti ya serikali yao ya mwaka 2010 ilipima programu saba za kujenga tabia zilizokuwa zikifundishwa katika shule za msingi, na kwa ujumla haikuona mabadiliko katika tabia wala masomo ya watoto. Ni matokeo ya kuvunja moyo, na wauzaji wa programu hizo hawayataji.

Hapo hapo, mfano bora wa mafunzo ya tabia yaliyofaulu unatoka nchi hiyohiyo. Kati ya 1962 na 1967, katika mji wa Ypsilanti, Michigan, watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa kwa kura, na 58 kati yao wakapata nafasi katika chekechea ya Perry. Huko mtoto alipanga mwenyewe kila siku atakachofanya, akakifanya, kisha akakaa na wenzake na mwalimu kueleza kilivyokwenda. Mwalimu alimtembelea nyumbani kila wiki na kuketi na mama yake. Vipimo vya akili vya watoto hao vilipanda, halafu baada ya miaka michache vikarudi sawa na vya wenzao, na wengi wakadhani mradi umekufa. Walipofika umri wa miaka 40, waliopitia Perry walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi na wengi zaidi walikuwa na kazi. Mwanauchumi James Heckman, mshindi wa Nobel wa mwaka 2000, amezipitia takwimu hizo kwa kina, na hitimisho lake ni kwamba sehemu kubwa ya faida ilipitia tabia.

Tofauti ya Perry na zile programu saba si ubora wa somo. Perry haikuwa na somo la maadili. Ilikuwa na mtu mzima mmoja kwa watoto takriban sita, anayetimiza anachosema, na anayebisha hodi nyumbani kila wiki. Mtaala wetu una mbegu za jambo hili, kwa kuwa unataka mtoto afanye huduma kwa jamii na unamtaka mzazi ashiriki. Lakini mwalimu mwenye watoto sitini na zaidi darasani hana jioni ya kubisha hodi, na kazi inayotumwa nyumbani kwa jina la ushirikiano wa mzazi mara nyingi huishia kwenye duka la kuchapisha karatasi, kwa shilingi ambazo mama alikuwa amezitenga kwa omena.

Bungoma, Agosti 2013

Wauguzi ni watu wazima waliosoma, kwa hiyo tunawahukumu kwa ukali zaidi. Kesi moja imebaki kumbukumbu. Agosti 2013, katika hospitali ya wilaya ya Bungoma, mama mmoja alijifungua sakafuni kwenye ukumbi baada ya kukosa kitanda, na badala ya kusaidiwa akapigwa na kutukanwa na wauguzi. Video ikasambaa. Nchi ikapandwa na hasira, na ilikuwa na haki.

Kilichosahaulika ni tarehe. Serikali ilikuwa imetangaza huduma ya uzazi bila malipo kuanzia tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Akina mama wakaja kwa wingi, kama ilivyokusudiwa. Vitanda, dawa na wauguzi havikuongezeka kwa kasi hiyo, na isitoshe afya ilikuwa ndiyo kwanza inahamishwa kutoka serikali kuu kwenda kwa kaunti. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki za mama yule zilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi. Mahakama haikuishia kwa wauguzi wale wawili watatu. Iliwanyooshea kidole waliotakiwa kutenga fedha na kusimamia, kaunti na serikali ya kitaifa.

Uamuzi huo unafaa kusomwa pamoja na mradi uliojulikana kama Heshima, uliofanyika kati ya 2011 na 2014 katika vituo 13 vya afya, Kisumu ikiwemo. Watafiti waliwauliza akina mama waliotoka kujifungua kama walidhalilishwa kwa namna yoyote. Mmoja kati ya watano alisema ndiyo. Baada ya mradi, idadi ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 13. Kupungua huko si muujiza, bado mama mmoja kati ya wanane hivi alidhalilishwa, lakini ni kupungua kwa kweli.

Walifanya nini? Semina ilikuwepo, ya kuwafanya wauguzi wachunguze wanaamini nini kuhusu mama anayezaa. Kilichoizunguka ndicho ninachotaka kukitaja. Wauguzi wenyewe walipewa ushauri nasaha, kwa sababu mtu anayeshuhudia vifo na kufanya zamu mbili mfululizo naye anahitaji mtu wa kumsikiliza. Kulikuwa na siku za kufungua milango, ambapo wajawazito na waume zao walitembezwa wadini kabla ya siku ya uchungu, wakamjua muuguzi kwa jina naye akawajua kwa sura. Kulikuwa na usuluhishi kijijini pale mama alipokuwa na lalamiko. Wakuu wa vituo walihusishwa. Yaani mkunga alirudi wadini akakuta mambo kadhaa yamebadilika pamoja naye.

Kuhusu ujuzi wa mikono, ushahidi ni mzuri zaidi kuliko wa tabia. Mafunzo ya siku moja ya kumfufua mtoto mchanga asiyepumua, yaliyopimwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, na kuchapishwa 2008, yalionyesha kwamba wahudumu waliofunzwa walifuata hatua sahihi za mwanzo katika asilimia 66 ya visa. Ambao hawajafunzwa walifanya hivyo katika asilimia 27. Siku moja tu. Kwa hiyo anayesema semina zote ni ulaji wa posho anakosea.

Swali linalofuata ni la muda. Kati ya 2006 na 2008, hospitali nane za wilaya hapa Kenya ziligawanywa kwa kura. Zote zilipewa miongozo ya kutibu watoto wagonjwa sana. Nne zilipata mafunzo mafupi ya siku moja na nusu, kisha zikaachwa. Nne zilipata mafunzo ya siku tano na nusu, halafu zikatembelewa mara kwa mara, zikaonyeshwa makosa na maendeleo yao kwa takwimu zao wenyewe, na zikawa na mratibu anayekaa palepale hospitalini wa kusukuma mambo kila siku. Baada ya miezi 18, hospitali za kundi la pili zilikuwa zimeziacha nyuma zile nyingine kwa mbali katika namna ya kupima, kuandika dozi na kutibu. Mapitio makubwa ya mwaka 2018 yaliyoongozwa na Alexander Rowe, yaliyokusanya tafiti 337 kutoka nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yalisema vivyo hivyo: karatasi ya mwongozo peke yake karibu haibadilishi kitu, mafunzo hubadilisha kiasi, na mafunzo yanayoambatana na usimamizi au wafanyakazi kukaa na kutatua matatizo yao pamoja hubadilisha zaidi.

Ila mfano ulionishangaza kuliko yote ni wa shuka la plastiki. Kuvuja damu baada ya kujifungua ndicho kisababishi kikubwa cha vifo vya akina mama wa uzazi duniani. Kila mkunga amefundishwa hatua za kuchukua tangu chuoni. Tatizo ni kujua kwamba damu imezidi, kwa sababu damu iliyoenea kwenye kitanda, pamba na sakafu haikadiriki kwa macho, hata macho ya mkunga wa miaka 20. Katika utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa 2023, wakunga walipewa shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo, linalotandikwa chini ya mama. Damu ikifika mstari, hakuna ubishi. Hapo hatua zote huanza kwa pamoja bila kungojea moja ishindwe: kukanda mji wa mimba, dawa za kuukaza, dawa ya kusaidia damu kuganda, dripu, na uchunguzi wa chanzo. Wakafunzwa, wakapewa mabingwa wa kuhimiza wenzao katika kila hospitali, na dawa zikawekwa karibu.

Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida, ni nusu tu ya visa vya kuvuja damu vilivyogunduliwa, asilimia 51. Kwenye shuka la mistari viligunduliwa asilimia 93. Madhara makubwa, yaani kupoteza lita nzima au zaidi, upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu, au kifo, yalitoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Wakunga wa kundi la kwanza hawakuwa wazembe wala wajinga. Walisomea vyuo vilevile. Walikosa kitu cha kuwaonyesha kwa wakati kile walichojua tayari kukitibu.

Pointi na leseni

Sasa linganisha hayo na tunavyohesabu mafunzo endelevu ya muuguzi. Baraza la Wauguzi la Kenya linamtaka kila muuguzi aonyeshe saa za mafunzo ndipo leseni yake ihuishwe. Nia ni njema, kwani tiba hubadilika na aliyehitimu 1995 hawezi kuishi kwa daftari la 1995. Lakini kinachohesabika ni saa, na saa ya kusikiliza slaidi hotelini ina uzito uleule kwenye rekodi na saa ya kufanya mazoezi ya mfuko wa kupumulia juu ya mwanasesere wadini. Mwajiri naye ni kaunti, wala si Baraza, kwa hiyo anayedai ujifunze siye anayekupanga kwenye zamu. Muuguzi aliye peke yake kwenye zahanati ya Nyakach akienda kujifunza, mlango unafungwa. Halafu kuna uhamisho: umefunzwa huduma ya watoto wachanga, mwezi ujao unapelekwa wadi ya wanaume.

Njia nyingine imeshajaribiwa nchini. Tangu 2005 shirika la afya la Amref, pamoja na Baraza hilo na vyuo vya mafunzo, ilianza kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi stashahada kwa kompyuta, wakiwa bado kazini mwao. Kisomo kilimfuata muuguzi alipo, na alichosoma usiku alikijaribu kesho yake kwa wagonjwa halisi. Simu zimeirahisisha njia hiyo, ingawa data hutoka kwenye mfuko wa muuguzi mwenyewe.

Nitarudi kidogo kwa Celeste Kidd, maana hadithi yake haiwahusu watoto tu. Mgomo wa wauguzi wa 2017 ulidumu takriban miezi mitano, na kiini chake kilikuwa makubaliano ya malipo ambayo hayakutiwa saini. Wahudumu walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote, mpango uliozinduliwa hapahapa Kisumu Desemba 2018, walikesha mitaani wakidai kuajiriwa kwa kudumu miaka mitano baadaye. Watu hao ukiwaita semina ya kujituma na uvumilivu, watakuja, watatia saini, watakunywa chai. Usishangae wakingoja dakika tatu.

Najua kuna msomaji anayeuliza: basi aliyempiga mama wa Bungoma hana kosa? Ana kosa. Mtoto anayeiba simu sokoni Kibuye pia ana kosa, na mwenye simu ana haki ya kurudishiwa. Mahakama iliona kofi lile ni uvunjaji wa haki bila kujali msongamano wa wadi. Kinachobishaniwa hapa ni jambo la pili, la nini kifanyike ili kofi lingine lisitokee. Waluo, Waluhya na Wakisii wa zamani hawakutenganisha mambo haya mawili. Aliyekosa aliadhibiwa, na wazee wakakaa kuuliza boma lake lina nini.

Kwa hiyo ukiwa kwenye bodi ya shule Nyalenda, au kwenye kamati ya zahanati Ahero, na mgeni aje na pendekezo la mafunzo, fungua ukurasa wa bajeti kabla ya ukurasa wa malengo. Utaona ukumbi, chakula, fulana, mkufunzi kutoka Nairobi, posho. Mwulize nani atarudi mwezi wa tatu, na kama watoto watamkuta mtu yuleyule. Mwulize mkunga atakuta nini kipya mezani Jumatatu akirudi zamu. Kama hakuna aliyetengewa pesa za kurudi, mwombe apunguze siku mbili za hotelini, na hizo zilipe nauli ya msimamizi kutoka mjini Kisumu hadi Ahero kila mwezi kwa mwaka mzima. Pesa zitatosha, na zitabaki za kununua mashuka ya plastiki.